Nilimwuliza Ng'ombe Chumvi ya Samaki

Wenzangu wa kwetu Endasak, leo nimeaibika. Tena si aibu ndogo ya kujikwaa mbele ya kwaya. Leo nimesimama mbele ya wageni na sufuria ya samaki hai mikononi, ng'ombe ananilamba mkono mpaka begani, na hapo hapo ndipo nilipotakiwa nionekane mtu wa kuaminika.

Nianze mwanzo, maana wengine hamjafika huku kwenye mashamba ya ngano.

Ninafanya kazi kwa Mama Lusi. Mumewe ni mtaalamu wa mashine za kuvunia, wametoka nchi ya baridi, na nyumba yao iko kwenye mstari wa nyumba za wataalamu, nyuma ya karakana. Sebuleni wana tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi. Ndani yake kuna samaki wa baharini wa rangi rangi na mawe yanayoota kama uyoga. Mama Lusi anasema yale mawe ni hai. (Sibishani na mwajiri.) Mafundi wa karakana huja kuchungulia dirishani kama watu wanaoangalia mpira. Mimi siku ya kwanza nilimwuliza Mama wale samaki wanaliwa lini. Hakunijibu mpaka jioni.

Sasa, mkataba wa mumewe umekwisha. Wanaondoka, samaki wanapelekwa kwa rafiki yao Arusha, na nyumba anaingia mama mwingine. Chumba cha uani tunachokaa mimi na wadogo zangu watatu kinakwenda na kazi. Mama mpya akinikubali, tunabaki. Akinikataa, tunafunga mizigo, na wadogo zangu wanaiacha shule iliyo hapo ng'ambo ya uwanja. Mimi niliacha darasa la sita, baba na mama walipofariki. Katika nyumba yetu mmoja anatosha.

Kwa hiyo Mama Lusi alipokwenda Arusha kumpokea huyo mama mpya, aliniita, akanishika mabega.

"Nimemwambia wewe ni mtu wa kutegemewa," alisema. "Siku tunarudi, asubuhi, wewe toa maji nusu. Weka maji mapya na chumvi yangu. Nataka aone samaki yangu maridadi."

"Ndiyo, Mama."

"Si chumvi ya jikoni! Chumvi ya jikoni itaua wao."

"Ndiyo, Mama."

"Chumvi ya ndoo nyeupe. Chumvi ya bahari. Unakoroga, unaweka mrija, unaangalia mstari mwekundu."

Mrija huo ni wa kioo, unaelea kwenye maji. Maji yakiwa na chumvi ya kutosha, mstari mwekundu unakaa sawa na uso wa maji. Kazi hiyo nimeifanya naye mara nyingi. Mtu hawezi kuikosea.

Mtu. Hawezi. Kuikosea.

Leo ndiyo siku yenyewe. Nimeamka mapema, nimepiga deki, nimeweka vitambaa vipya kwenye viti. Nikafungua ile ndoo nyeupe. Chumvi yote imeshikana, imekuwa jiwe moja kwa sababu ya unyevu wa mvua hizi. Sikuhangaika. Kwetu chumvi ikishikana unaianika. Nikaimwaga kwenye turubai, nikaianika uani kwenye jua, nikaiponda ponda na mwiko. Ikang'aa vizuri kama unga wa sembe.

Wakati inakauka, nikaanza kutoa maji ya zamani kwenye tangi. Ndoo baada ya ndoo, nikayamwaga kule nyuma, kwenye uwazi wa uzio. (Wenye akili mmeshaanza kuona. Mimi nilikuwa bado.) Nikatoa nusu kama nilivyoagizwa. Samaki wakabaki wamesongamana chini, pampu inakoroma kwa sababu bomba lake sasa linavuta hewa. Ndoo ya mwisho niliiacha mlangoni, mkono umechoka, nikaingia jikoni kunywa chai.

Nyuma ya nyumba zetu inapita njia ya zamani ya ng'ombe wa Wabarbaig, ile waliyokuwa wakiitumia kwenda ziwa Balangida kabla ngano haijafika. Ngano imekuja, njia imebaki kidogo hapa, kidogo pale, na ng'ombe hawajasoma ramani. Leo wamepita. Wakanusa ile ardhi niliyoimwagia maji ya chumvi. Wakasimama kulamba udongo. Ng'ombe anayelamba udongo wa chumvi huinua kichwa aone kama kuna zaidi.

Kulikuwa na zaidi. Nilikuwa nimeiponda ponda na mwiko.

Mdogo wangu Emiliana ndiye aliyeingia jikoni. Huyu ananifuata mimi, na hajawahi kupiga kelele bila sababu. Leo hakupiga hata kelele.

"Dada," alisema taratibu, "ile chumvi ilikuwa ya nani?"

Ilikuwa! Nilitoka na kikombe mkononi. Ua umejaa ng'ombe. Turubai limelambwa mpaka linang'aa. Ng'ombe mmoja mwekundu, mwenye pembe moja imepinda, alikuwa anakunja turubai lenyewe mdomoni kama mtu anayemalizia chapati.

Nilikaa chini palepale. Nikalia, sitaki kuwadanganya. Niliona mizigo yetu juu ya toroli, godoro limekunjwa, na wale wawili wadogo wameketi juu yake.

Mzee mwenye ng'ombe alifika mbio, shuka lake begani, fimbo mkononi, na nyuma yake punda wawili waliobeba magunia. Anaitwa Mzee Gidamis, makazi yake yako upande wa Getanuwas, namfahamu.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikiwa bado chini na machozi. Heshima ni heshima.

"Marahaba, binti yangu. Nani amekufa?"

"Mimi."

Akaangalia turubai. Akaangalia ng'ombe.

"Ng'ombe wangu wamekula mali yako," alisema. "Kwetu jambo hili halipiti hivi hivi. Ng'ombe akila, mwenyewe analipa. Ilikuwa chumvi ya nini?"

"Ya samaki."

"Ya kuwakaushia?"

"Ya kuwaweka hai."

Alinitazama kwa muda, kisha akamtazama Emiliana, nadhani kwa kumhurumia kwamba dada yake ameshapotea. Nikamwingiza sebuleni, nikamwonyesha. Mzee alisimama mbele ya tangi kwa heshima, kofia mkononi. Samaki nao wakamtazama.

"Wanaishi ndani ya chumvi?"

"Ndani ya chumvi, Mzee. Na maji yamepungua. Na Mama anarudi leo na mgeni. Na si chumvi ya jikoni, hiyo inawaua."

"Basi ni jambo la kuchagua tu," alisema. "Mimi natoka Balangida na magunia mawili ya chumvi. Wewe una nini?"

Jamani, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mimi bahari sijaiona. Maji makubwa ya chumvi ninayoyajua ni Balangida. Chumvi yake wanaila ng'ombe wa wilaya nzima na hakuna aliyekufa. Nikaleta pakiti yetu ya chumvi ya jikoni, ya kulinganishia tu. Nikaleta na magadi tunayopikia maharage. Mzee akafungua gunia lake. Ile ya Balangida ilikuwa ya kijivu kidogo, ina vumbi, lakini nilipoilamba nilisikia ukali wa kweli.

"Ipi inafanana na ile ya Mama?" nikauliza.

"Wewe uliionja ile ya Mama?"

"Hapana."

"Mimi pia sikuionja." Akageuka, akaelekeza fimbo uani. "Lakini huyu ameionja."

Yule mwekundu. Wa pembe iliyopinda. Alikuwa anajilamba pua kama mtu aliyetoka harusini.

Najua. Najua! Lakini ninyi nyote mmekulia kwenye mifugo. Mtu akitaka kununua chumvi ya mifugo mnadani anafanyaje? Anamwita mnyama, anamwacha alambe. Chumvi mbovu ng'ombe anaiacha. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Ng'ombe hana ndugu dukani wa kumpendelea. Na huyu alikuwa amekula chumvi ya bahari saa hiyo hiyo, ulimi ulikuwa bado unakumbuka. Kwangu ilikuwa na maana kabisa.

"Dada," Emiliana alisema, "tunamwuliza ng'ombe?"

"Una mtu mwingine wa kumwuliza?"

Tukapanga mafungu matatu juu ya mfuko. Mzee akamleta mwekundu kwa kumshika sikio. Akamsogeza kwenye chumvi ya jikoni. Ng'ombe akainusa, akapiga chafya, pakiti nzima ikaruka uani. (Hiyo ndiyo ilikuwa chumvi yetu ya mwezi.) Akamsogeza kwenye magadi. Akalamba kidogo, akakunja uso, akageuka pembeni. Akamsogeza kwenye Balangida. Hapo akalamba, akarudia, akafunga macho. Mzee alipojaribu kumwondoa, aling'ang'ania mfuko.

"Umeona?" Mzee alisema kwa fahari, kama aliyesomewa matokeo ya mtoto wake. "Ng'ombe hasemi uongo."

Nikakoroga. Maji safi ya mvua, chumvi ya Balangida, nikaichuja kwa kitambaa mara mbili nitoe vumbi. Nikaweka mrija. Ukapanda, ukayumba, ukatulia. Mstari mwekundu sawasawa na uso wa maji!

Nilipiga ishara ya msalaba. Emiliana alipiga makofi. Mzee Gidamis alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata leo, na niliyoipata niliitumia vibaya, maana nilibeba ndoo kwa haraka nikamimina yote kwenye tangi.

Mwanzoni moshi mweupe kidogo ulionekana pale maji yalipogusana. Nikasema ni hewa. Kisha moshi ukawa wingu. Wingu likatanda. Mmeona chai ya rangi inavyotiwa maziwa? Ndivyo. Tangi zima likawa jeupe, jeupe la maziwa ya asubuhi, na samaki wote wakapotea machoni. Pampu ikaanza kutoa povu.

"Yamekuwa maziwa," Mzee alisema kwa mshangao. Kisha akaongeza, ili kunifariji: "Maziwa si mabaya."

Jamani!

Nilivua kitenge cha begani, nikaingiza mikono mpaka makwapani, nikaanza kupapasa. Unajua kumtafuta samaki ndani ya maziwa? Ni kama kutafuta sindano gizani, ila sindano inakukimbia. Emiliana alileta chujio. Nikaikumbuka ile ndoo ya mlangoni, ya mwisho, ile ya maji ya zamani ambayo nilichoka kuimwaga. Uvivu wangu ndio uliowaokoa! Tukaimimina kwenye sufuria kubwa, ile ya makande, ndiyo pekee yenye upana, na kila samaki niliyemkamata nikamtia humo. Mwenye mistari. Mweusi. Wale wadogo wa rangi ya chungwa, nao walinipiga mikia usoni.

Mmoja, yule wa manjano, alipotoka alikuwa amelala ubavu. Nikampeleka kwa wenzake, nikamsukuma kwa kidole. Hakutikisika. Yule ndiye ambaye Mama Lusi alikuwa anamsalimia asubuhi kabla hajatusalimia sisi.

Sasa, maji ya ndoo yalikuwa yamepoa. Mama Lusi anasema samaki hawa hawataki baridi, na upepo wa mlima Hanang leo ulikuwa unakata. Kwa hiyo nikaiweka sufuria kwenye jiko la mkaa uani. Juu ya majivu tu! Majivu ya uvuguvugu! Nikaifunika nusu, wasiruke.

Hebu nieleze picha ilivyokuwa. Tangi la maziwa sebuleni. Sufuria ya samaki juu ya jiko uani, mfuniko juu. Samaki mmoja wa manjano, marehemu, juu ya sahani, kwa sababu sikujua nimweke wapi. Ng'ombe kila mahali.

Na hapo ndipo gari likaingia.

Walikuwa warudi jioni. Wamerudi mchana. Mama Lusi alishuka anacheka, amemshika mkono mwanamke mrefu, uso mwekundu kwa jua, viatu vya shambani. Ndiye yeye. Mwenye chumba chetu.

Mama Lusi akapitiliza sebuleni moja kwa moja, kwenda kuonyesha samaki wake. Yule mgeni akabaki uani, akaniangalia, akaangalia jiko, akatabasamu. Ameshajifunza Kiswahili kidogo, cha kuomba chakula.

"Habari! Leo tunakula nini?"

Akafunua sufuria.

Samaki wakamwangalia.

Ndani ya nyumba Mama Lusi akapiga yowe moja, refu. Mimi nikainyakua sufuria juu ya jiko, nadhani kwa akili kwamba nikiishika mwenyewe itaonekana haipikwi. Mama Lusi akatoka mbio. Akaiona sufuria. Akaiona ile sahani.

"Unakula samaki yangu?"

"Hapana, Mama! Wako hai, Mama! Nawapasha—" (Neno baya. Neno baya kabisa.) "Nawatunza, Mama!"

Na wakati huo nikahisi kitu cha moto, cha kukwaruza kama msasa, kwenye kiwiko. Mikono yangu ilikuwa imekauka chumvi, nyeupe mpaka juu. Yule mwekundu alikuwa ameiona.

Siwezi kuiachia sufuria, samaki wamo. Siwezi kumsukuma, mikono imeshika sufuria. Siwezi kukimbia, Mama anaongea na mimi. Nikasimama wima, kwa adabu, nikaeleza kila kitu, huku ulimi wa ng'ombe unapanda kutoka kiganjani mpaka begani na kurudi tena, taratibu, bila haraka, kama anayepaka rangi ukuta.

"Chumvi iko wapi?" Mama Lusi aliuliza.

Ningeweza kusema imeibiwa. Wizi unaeleweka. Wizi ungenifaa. Lakini ndiyo jambo moja nililo nalo, sijawahi kumdanganya.

"Imeliwa na ng'ombe, Mama."

"Na hii umeweka?"

"Ya Balangida."

"Nani amekwambia weka?"

Nilimtazama Mzee Gidamis. Mzee akatazama mlima.

Nikanyoosha kidevu, maana mikono haikuwa yangu. Nikamwonyesha yule anayenilamba.

"Huyu, Mama."

Mama Lusi akamtafsiria mgeni wake, neno kwa neno, huku machozi yanamtoka. Yule mgeni akamtazama ng'ombe. Akanitazama mimi. Akakaa kwenye ngazi, akaweka uso mikononi, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani naye analia. Nikasema, basi, toroli.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa anasema maneno kwa lugha yao na kumwelekezea ng'ombe kidole.

"Anasema," Mama Lusi alitafsiri bila furaha, "baba yake ana ng'ombe, huko kwetu. Anasema baba yake pia anachagua chumvi namna hii."

Hapo Mzee Gidamis akasogea mbele na mbuzi mweupe, sijui alimtoa wapi katika kundi. Akaiweka kamba yake mkononi mwa Mama Lusi kwa mikono miwili.

"Samaki mmoja amekufa," alisema. "Mbuzi mmoja. Tumemaliza, hakuna ugomvi."

Mama Lusi alisimama na mbuzi mkono mmoja na leso mkono mwingine. Aliwaangalia samaki wake kwenye sufuria, akamgusa kila mmoja kwa macho. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia ndani na samaki, akatoa beseni, akapiga simu ya redio ofisini kuuliza kama gari la kesho la Arusha lina nafasi ya kubeba ndoo zenye maji.

Jioni yule mgeni alikuja uani. Alichungulia chumba chetu, akaona wadogo zangu wamekaa kwenye kitanda wamejipanga kama wanaosubiri kupigwa picha, mizigo imefungwa tayari. Emiliana alikuwa ameifunga bila kuambiwa.

"Fungua," alisema, akionyesha mizigo. Akatafuta maneno. "Wewe, kazi. Mpaka mavuno. Kisha tutaona."

"Ahsante, Mama."

"Samaki, mimi hapana."

"Ahsante sana, Mama."

Mpaka mavuno. Ngano sasa hivi iko magotini. Sijui nifurahi au nihesabu mvua. Mbuzi tumeachiwa sisi, Mama Lusi amesema hawezi kusafiri naye. Karakana nzima wana habari. Nimepita kuchota maji, fundi mmoja akaniuliza kama ng'ombe wangu anaweza kumchagulia mke. Samaki wa manjano nimemzika karibu na uzio. Huyo siwezi kumcheka, na ninyi msimcheke.

Tumeinjika maharage. Emiliana amefunua chungu, ameonja, amenitazama.

"Dada, hayana chumvi."

Nikakumbuka ile chafya.

"Haipo," nikasema.

Emiliana akakoroga, uso mkavu kabisa, kama mtu anayesali.

"Nikamwulize ng'ombe?"

Tumekula maharage bila chumvi, jamani, na wote wamecheka isipokuwa mimi. Ninyi angalau jizuieni. Anayeshindwa kujizuia aje na pakiti ya chumvi, yoyote ile, mimi sichagui tena.